Gari la Zimamoto na Deni la Waliokufa

Katika darsa yetu ya wiki iliyopita, baada ya kumaliza somo, kijana mmoja alituuliza jambo ambalo halikuwamo kitabuni. Alisema amesoma kwamba katika miji ya Marekani, Kanada na Uingereza wako watu ambao hulitafuta gari la zimamoto la zamani, lililokwisha kutupwa bandani na kuliwa na kutu, wakalitilia mali na jasho kwa miaka mingi mpaka likarudi kama lilivyotoka kiwandani. Kisha husema kwamba wamelifufua ili liwe ukumbusho wa wazima moto waliokufa kazini. Akauliza: "Je, sheikh, jambo hili ni wema au ni upuuzi? Maiti hafaidiki na rangi nyekundu, wala mjane hali kengele ya shaba."

Darsa ikagawanyika. Mzee mmoja akasema kuwa huo ni ubadhirifu mtupu, na kwamba fedha zile zingepewa mayatima zingekuwa na thawabu. Mwingine akasema kuwa watu wasiowakumbuka waliowafia ni watu wasio na haya, na kwamba kila kaumu ina njia yake ya kukumbuka. Wakati wa sala ukaingia kabla hatujafikia mwisho, nasi tukaahidi kulijibu swali hili katika kurasa hizi. Tumelifikiri, na tumeona kuwa si swali la magari. Ni swali la deni: walio hai wanadaiwa nini na wale waliokufa kwa ajili yao, na deni hilo hulipwa kwa nini?

Yatupasa kwanza tumjue anayekumbukwa. Mzima moto si kama askari wa vita. Askari anaye adui, na akishinda hupewa nishani na huandikwa katika tarikhi. Mzima moto hana adui wala hana ngawira. Watu wote wanapotoka mlangoni wakikimbia, yeye ndiye anayeingia kwa mlango huohuo. Haulizi nyumba ni ya nani, wala mwenye nyumba ni wa kabila gani au wa dini gani, wala kama mwenye nyumba huyo jana alimtukana. Kazi yake ni kutoa nafsi iliyomo ndani. Nasi Waislamu hatuhitaji kukumbushwa thamani ya kuiokoa nafsi moja, wala hatukusahau kuwa wanavyuoni wetu wamepokea kutoka kwa Mtume, sala na salamu zimshukie, kwamba muumini anayekufa kwa moto huhesabiwa miongoni mwa mashahidi. Basi anayekufa akiwa anautoa moto huo juu ya wenziwe, hapana shaka kwamba kazi yake ni tukufu, na kwamba wenziwe wana deni lake.

Na sasa tuchukue mfano mmoja ulio wazi, ili tusiseme hewani.

Asubuhi ya tarehe 6 Desemba, 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli mbili ziligongana katika mlango mwembamba wa bandari ya Halifax, nchini Kanada. Moja ilikuwa ya Kinorway, jina lake Imo, nayo ilikuwa ikielekea New York kuchukua shehena ya msaada kwa watu wa Ubelgiji waliokuwa na njaa. Ya pili ilikuwa ya Kifaransa, jina lake Mont-Blanc, imesheheni zaidi ya tani 2,000 za vitu vya kulipuka kwa ajili ya vita, na juu ya sitaha yake yamepangwa mapipa ya mafuta mepesi yanayoshika moto upesi. Mtazame, ewe msomaji, namna dunia ilivyo: meli ya kulisha na meli ya kuua zimekutana katika njia moja. Mont-Blanc ikashika moto. Mabaharia wake wakaikimbia kwa mashua, na meli yenyewe ikaelea ikiwaka mpaka ikagota kwenye gati nambari 6. Watu wa mji hawakujua kilichomo ndani yake. Walitoka majumbani, na wengine wakasimama madirishani kuutazama moshi.

Kikosi cha zimamoto cha mji ule kilikuwa na gari liitwalo Patricia, lililonunuliwa mwaka 1913, nalo lilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza ya zimamoto ya kwenda kwa mtambo katika Kanada. Zama hizo magari ya kazi hiyo yalikuwa yakivutwa na farasi. Patricia ikafika gatini. Mkuu wa kikosi, Edward Condon, na naibu wake, William Brunt, nao wakafika kwa gari lao. Watu wakaanza kuikunjua mipira ya maji. Dakika chache tu baada ya saa 3 za asubuhi, meli ikalipuka. Sehemu kubwa ya mji ikaangamia. Watu karibu 2,000 wakafa na kiasi cha 9,000 wakajeruhiwa, na wengi katika wale waliosimama madirishani vioo viliwaingia machoni. Wazima moto 9 walikufa, mkuu wao na naibu wake wakiwa miongoni mwao. Katika waliokuja na Patricia alisalimika mmoja tu, Billy Wells, aliyekuwa kwenye usukani, naye mkono wake uliumia vibaya mno.

Na gari lenyewe je? Liliharibika, walakini halikutupwa. Lilitengenezwa upya likarudishwa kazini, likaendelea kuulinda mji uleule ambao watu wake walikufa wakiulinda. Mwaka 1992, miaka 75 baada ya msiba, pakawekwa mnara kwenye kituo cha zimamoto cha Halifax kuwakumbuka wale 9.

Twaomba msomaji asimame hapa kidogo. Matengenezo ya kwanza ya gari lile hayakuwa ya ukumbusho. Hapana aliyelipaka rangi ili lipendeze. Lilitengenezwa kwa sababu moto haungojei matanga, na mji uliobakia ulihitaji maji. Hata hivyo hapana ukumbusho uliokuwa bora kuliko huo, kwani kazi iliyokatika mikononi mwa waliokufa ilishikwa na mikono mingine. Mnara ulikuja baadaye sana. Kazi ndiyo iliyotangulia.

Ama hawa wa leo wanaofufua magari yaliyokwisha kustaafu, kazi yao tusiidharau kabla ya kuijua. Gari la miaka 70 au 80 halifufuki kwa sabuni na rangi. Hulivua lote mpaka kiunzi kikabaki kitupu. Mtambo hukuta pistoni zimeganda, wakazitia mafuta na kuzingojea siku nyingi mpaka zikubali kusogea. Pampu, ambayo ndiyo moyo wa gari hilo, huwa imeshikana kwa kutu na chumvi za maji ya zamani, na kwa kuwa kiwanda kilichoiunda huenda kilikwisha kufungwa, hapana duka la kununua kipuri chake. Fundi hulazimika kukichukua kipande kibovu, akakipima, akakereza kingine mfano wake. Ngazi ya mbao husuguliwa na kupimwa kama bado yaweza kubeba mtu. Rangi huondolewa tabaka baada ya tabaka, na mara nyingine chini ya tabaka la mwisho hutokeza herufi za jina la mji au nambari ya kikosi, zilizoandikwa kwa mkono wa mtu ambaye naye amekwisha kufa. Mwisho gari hupelekwa penye maji, pampu ikafunguliwa, na watu wote wakanyamaza wakingojea kuona kama maji yatatoka.

Wanaofanya kazi hii, wengi wao ni wazima moto waliostaafu, na watoto wa wazima moto. Hawalipwi. Na ziko sehemu ambazo gari la namna hiyo huja kulibeba jeneza la mzima moto anapofariki, likaenda naye polepole mpaka kaburini.

Hapa ndipo alipotuuliza yule kijana swali lake la pili, nalo lilikuwa kali kuliko la kwanza: "Wakiisha kubadili pistoni na mbao na mabati na rangi, gari hilo ni lile lile au ni jingine? Na kama ni jingine, wanakumbuka nini?"

Tukamjibu kwa jambo analolijua, kwani baba yake ni mtu wa bahari. Tukamwambia: Jahazi la babu yako, mwaka huu limebadilishwa ubao mmoja, mwaka ujao mwingine, limekalafatiwa mara mia, mlingoti ulivunjika ukawekwa mpya, na tanga la kwanza limekwisha kuwa matambara. Pengine hapana ubao hata mmoja uliobaki katika zile alizozichonga babu yako. Mbona mnaliita kwa jina lake lile lile, wala hapana anayesema nahodha mwongo? Kijana akasema: "Kwa sababu halikuacha kusafiri." Nasi tukasema: umejijibu mwenyewe. Chombo kinakuwa kile kile kwa kazi yake, na kwa amana ambayo mkono mmoja umeupa mkono mwingine. Ubao haubebi ukumbusho. Unaoubeba ni mikono inayokwenda ikipokezana.

Na katika jibu hili mna onyo ambalo sisi, kwa itikadi yetu, ni lazima tulitamke. Katika chuma hamna baraka. Gari halimwombei maiti, wala kuligusa hakumponyi mgonjwa, wala kulipitisha mjini hakumfikishii aliyekufa chochote katika kaburi lake. Mtu anapoanza kukitukuza kitu kwa ajili ya kitu chenyewe, amepotea njia, kiwe ni chuma cha Wazungu au ni kitambaa cha kijani juu ya kaburi la huku kwetu. Tumefundishwa kuwa mwanadamu akifa amali yake hukatika ila kwa mambo yanayoendelea kuwanufaisha watu: sadaka yenye kudumu, elimu inayofaa, na mtoto mwema mwenye kumwombea. Neno lililomo humo ni kuendelea. Basi kila ukumbusho tuupime kwa neno hilo: je, kuna jema linaloendelea kwa sababu yake?

Turudi kwa yule mzee aliyesema kuwa huo ni ubadhirifu. Hoja yake ina uzito, nasi hatuitupi. Tarehe 11 Septemba, 2001, katika mji wa New York, wazima moto 343 wa mji ule walikufa siku moja, walipokuwa wakipanda ngazi za majumba mawili marefu ambayo watu walikuwa wakiyashuka. Gari moja la ngazi, la kikosi kiitwacho Ladder 3, ambacho kilipoteza watu 11, lilipatikana katika kifusi likiwa limepondeka mbele. Hilo halikutengenezwa. Liliachwa kama lilivyovunjika, na leo limo katika jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 2014 mahali pale pale. Wenyewe waliona kuwa kulinyoosha ni kulifuta lililotokea. Rai hiyo nayo ina haki yake: liko gari ambalo ukumbusho wake ni kurudi kazini, na liko ambalo ukumbusho wake ni kubaki limevunjika ili liwe shahidi.

Lakini tazama yaliyotokea kwa watu, wakati chuma kilipokuwa kikihifadhiwa. Maelfu ya waliofanya kazi katika kifusi kile walivuta vumbi lenye sumu. Wakaanza kukohoa, kisha wakaanza kupatikana na saratani. Iliwabidi wao wenyewe, wagonjwa walivyokuwa, wasafiri mara nyingi kwenda kwa wabunge kuomba matibabu. Sheria ya kuwatibu ilitiwa sahihi mwanzo wa mwaka 2011, na ilikuwa mwaka 2019 ndipo mfuko wa kuwalipa fidia ulipowekewa msingi wa kudumu kwa miaka mingi ijayo. Kufikia mwaka 2023, idadi ya wazima moto wa mji ule waliokufa kwa maradhi yatokanayo na siku ile ilifikia 343 vilevile, sawasawa na waliokufa siku yenyewe. Wale wa kwanza waliimbiwa na kusomewa majina. Hawa wa pili walikufa mmoja mmoja, vitandani, na wengi wao ilibidi kwanza wathibitishe kuwa wanastahili kudaiwa fadhila.

Ndipo tunaposema kuwa mzee wetu amepatia, ijapokuwa hakupatia pote. Kosa halimo katika kulihifadhi gari. Kosa limo katika kudhani kuwa ukiisha kulihifadhi gari umekwisha kulipa. Ni rahisi kumtukuza aliyekufa, kwani maiti haombi dawa, wala hana kodi ya nyumba, wala hakuudhi kwa malalamiko. Aliye hai na kikohozi chake ndiye mzito. Na sisi tusiwacheke. Ni mara ngapi katika miji yetu ya pwani mtu amekufa, pakapikwa mapilau ya siku ya arubaini yakalisha mtaa mzima, na wenye kula ni walioshiba, ilhali mayatima wa maiti huyo huyo wametolewa chuoni kwa kukosa ada? Sahani zile ni jamaa moja na gari lililong'arishwa. Zote mbili zaweza kuwa wema, na zote mbili zaweza kuwa pazia.

Liko na pazia jingine baya zaidi, nalo ni kusifu ushujaa ili watu wasiulize sababu. Wale 9 wa Halifax walikufa kwa nini? Walikufa kwa sababu walikuwa majasiri, hilo ni kweli. Lakini walikufa pia kwa sababu meli ile iliingia bandarini bila ya bendera nyekundu ya hatari, na hapana aliyewaambia wanaukimbilia moto wa namna gani. Na tusidhani kuwa mambo haya ni ya nchi za baridi peke yake. Wazee wetu waliosafiri kwenda Bombay waliujua mji ule kama walivyoujua mji wao. Huko, tarehe 14 Aprili, 1944, meli iitwayo Fort Stikine ilishika moto ikiwa gatini. Ndani yake mlikuwamo kiasi cha tani 1,400 za baruti na mabomu, na marobota ya pamba, na mikuo ya dhahabu. Pamba na baruti katika chombo kimoja! Ikalipuka mara mbili. Watu mamia kwa mamia walikufa, na wazima moto 66 pamoja nao. Serikali ya India imeifanya tarehe hiyo kuwa siku ya kuwakumbuka wazima moto kila mwaka, na wiki inayoanza siku hiyo hutumiwa kuwafundisha watu namna ya kujikinga na moto. Huo twauona ni ukumbusho mzuri kuliko sanamu, kwa kuwa unamfundisha aliye hai. Ama ile dhahabu, vipande vyake viliendelea kuokotwa baharini miaka mingi baadaye, na kila kilipookotwa kilijulikana mwenyewe ni nani. Mali haikosi wa kuikumbuka. Wanaohitaji kukumbukwa ni watu.

Basi anayelifufua gari, akaliandika majina ya waliokufa, lakini asiseme kwa nini walikufa, amefanya nusu ya kazi. Na pengine ameifanya nusu ile inayowapendeza waliokosea. Ukumbusho wa kweli una uchungu ndani yake. Husema: huyu alikufa kwa kuwa mwenziwe alipuuza; basi wewe usipuuze.

Tumesema ya wengine, na insafu inatutaka tuseme yetu.

Miaka kadhaa iliyopita nyumba moja ya mtaani kwetu ilishika moto usiku. Msomaji anayeijua mitaa yetu ya kale anajua upana wake: mtu na mkokoteni wakikutana, mmoja hurudi nyuma. Juu ya wembamba huo, sisi wenyewe tulikuwa tumeupunguza. Huyu alijenga baraza likatoka nje kwa hatua mbili, yule akaweka meza ya biashara, mwingine akaegesha gari usiku kucha. Gari la zimamoto lilifika likakwama. Wale vijana wakashuka wakaivuta mipira ya maji kwa mabega yao, na watu wakawapokea kwa matusi kuwa wamechelewa. Mawe yalirushwa. Hatukurusha jiwe, lakini tulikuwapo, na tulipaza sauti pamoja na waliopaza. Mmoja katika vijana wale, mtu wa bara, asiye wa mji wetu wala wa dini yetu, alipanda juu kumtoa mtoto. Alimtoa. Kisha dari ikamwangukia mguuni.

Alilala miezi. Nyumba aliyolala haikuwa mbali na msikiti wetu. Nasi, ambao kila mwaka husimama kwenye membari tukawahimiza watu kumzuru mgonjwa na kumfanyia jirani ihsani, hatukwenda. Tulijisemea kuwa wako wakubwa wake watakaomwangalia. Tulijisemea kuwa hatumjui. Tulimjua sana.

Mwaka uliofuata tukakutana naye njiani, anakwenda kwa fimbo. Alituamkia kwa heshima: "Shikamoo, sheikh." Tukaona haya, tukaanza kumtolea maneno ya shukrani yaliyochelewa, tukamwambia kuwa mtaa hautamsahau. Akatusikiliza mpaka tukamaliza. Kisha akasema kwa upole: "Ahsante, sheikh. Lakini nilipita pale juzi. Lile baraza bado lipo, na gari bado linaegeshwa pale pale. Wenzangu wakiitwa tena, watakwama tena."

Hatukuwa na jibu. Mtu huyu hakutaka jina lake liandikwe ukutani, wala hakudai fidia ya mguu wake. Alitaka njia ifunguliwe kwa ajili ya wenziwe. Na mpaka leo, wakati tunapoyaandika haya, nusu ya mtaa ule haijafunguliwa, na baraza mojawapo ni la mtu wa nasaba yetu, ambaye tumemwambia mara moja kwa sauti ndogo tukanyamaza tusije tukamuudhi. Lau kijana yule angekufa usiku ule, huenda tungekusanya fedha tukamwekea jiwe zuri lenye jina lake pale penye njia. Na gari la zimamoto lingekwama mbele ya jiwe hilo.

Baada ya haya, twamjibu yule kijana wetu na wote waliokuwa darsani kwa muhtasari huu.

Kwanza: kulifufua gari la zamani kwa ajili ya kuwakumbuka waliokufa wakiokoa watu si haramu wala si upuuzi, maadamu fedha ni za halali, zimetolewa kwa hiari, na hapana haki ya yatima wala mjane iliyopunguzwa kwa ajili yake. Binadamu ni msahaulifu, na jicho husaidia moyo. Mtoto anayelishika gurudumu lile akauliza, "Waliolipanda walikwenda wapi?" ameulizia jambo jema, na ni wajibu wa mkubwa wake kumjibu kwa ukweli wote.

Pili: gari hilo ni hati ya deni, wala si malipo yake. Mwenye kuitunza hati na asilipe, hati hiyo itamshuhudia. Malipo ni mjane atunzwe, yatima asomeshwe, mgonjwa atibiwe kabla hajaomba, na aliye hai kazini apewe kofia, viatu, mipira ya maji isiyotoboka, na njia ya kupita.

Tatu: hapana ukumbusho unaojuzu kuficha kosa lililoua. Kumsifu shujaa na kumnyamazia mzembe ni kuandaa jeneza la shujaa mwingine.

Nne: anayeungoja mauti ya mtu ndipo amheshimu, amejipa udhuru wa bei rahisi. Wazima moto wa miji yetu wako hai, na wengi wetu hatujui hata jina la mmoja wao. Tuanzie hapo.

Ama sisi tulioandika haya, tumeazimia kwenda kwa jamaa yetu mwenye baraza, safari hii si kwa sauti ndogo, na tumewaomba wanadarsa wawili tufuatane nao ili tusipate nafasi ya kurudi njiani. Atakasirika. Na akasirike. Kukasirika kwake ni kwepesi kuliko dari ile.

Mwenyezi Mungu awape malipo mema wote wanaowatoa wenzao katika moto wa dunia, awahifadhi walio kazini usiku wa leo, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaolipa madeni yao kabla ya kudaiwa Siku ambayo hapana wa kumlipia mwenziwe. Amin.